Mkono wa Nzioka

Benchi la Salama lilikuwa ubao wa ubavuni wa lori lililopinduka mteremkoni mwaka wa themanini na mbili, na hata mwaka huu ninaousimulia, wa tisini na nne, bado lilikuwa na rangi ya kijani na nusu ya jina la mwenye lori. Lilikaa juu ya mawe mawili mbele ya duka la fundi wa nguo, karibu mno na barabara ya Mombasa, hivi kwamba trela likipita maneno yalikatika, kisha yakaendelea palepale yalipoachiwa. Wakaliaji walikuwa walewale. Mzee Ndululu, aliyeitwa Sheria, aliwahi kuwa tarishi wa mahakama kwa miaka minne, na tangu siku hizo hakukubali kushindwa kesi na mtu yeyote. Mutie alikuwa dereva mstaafu, waliyemwita Breki kwa sababu mdomo wake haukuwa nazo. Kinuthia hakukaa, alisimama na jiko lake la makaa na birika. Alikuwa mtu wa Murang'a aliyechuma kahawa utoto wake wote bila kuionja, mpaka alipofika Salama madereva wa pwani wakamfundisha kuipika na tangawizi. Na mlangoni, nusu ndani nusu nje, nyuma ya cherehani, alikuwepo Jonah mwenye duka. Wote walimwita Fundi, naye kwa siku nzima angeweza kusema maneno kumi, tisa kati yake yakiwa vipimo vya suruali.

Jumatatu hiyo alasiri Mutie alikuja na habari, na hakungoja hata akae.

— Kinuthia, nipe kahawa. Jana nilikuwa Kilungu, kwa kanisa ya shemeji yangu, harambee ya mabati. Nimeona kitu sijaona tangu nizaliwe.

— Wewe kila Jumatatu umeona kitu, Ndululu alisema.

— Hii ni ingine, Mzee. Sikiza. Watu wanaimba, pambio imechemka, mama mmoja akasimama akaanza kucheza. Mabega hivi, vidole hivi, shingo inaenda huku. Pasta akasema Bwana asifiwe, Roho ameshuka. Sisi wote makofi. Wimbo ikaisha. Yeye hakuisha.

— Hakuisha namna gani? Kinuthia aliuliza.

— Aliendelea. Kanisa imenyamaza, unasikia kuku wakitembea huko nje, na yeye anacheza peke yake katikati ya watu. Mwili inacheza, uso inalia. Akasema, nishikeni. Wanaume wanne wakamshika, na wao wakaanza kutikisika pamoja na yeye. Hapo mimi nilitoka nje.

Kinuthia alikuwa anamimina. Aliinua birika kabla kikombe hakijajaa.

— Ni nani huyo?

— Mutindi. Ameolewa huko juu, karibu na pale wanauzia machungwa. Mjukuu wa yule Nzioka wa mizinga.

Nyuma ya cherehani, Jonah aliondoa mguu kwenye kanyagio. Mutindi alikuwa dada yake, tumbo moja. Hakuna aliyemletea habari, na sasa alikuwa ameipata hivi, kama mtu mwingine yeyote aliyekuwa akipita barabarani.

Jambo hili benchi halikulijua. Mama yake Jonah alikuwa binti wa Nzioka. Alianza kwa kuangusha vikombe, akaendelea kwa kumpiga kofi mtoto ambaye hakukusudia kumgusa, na akamaliza akiwa amefungwa kitandani kwa leso mbili ili asijitupe chini. Jonah alikuwa na miaka kumi na saba walipomzika. Alishuka mlima na kuja Salama, akajulikana kwa ukoo wa baba yake, na ukoo wa mama hakuutaja hata siku moja. Sasa alikuwa na miaka thelathini na tisa, mke na watoto watatu, na mkubwa wao, Mbula, alikuwa kidato cha pili. Kila asubuhi, kabla ya kufungua dirisha la duka, alitia uzi kwenye sindano ya mkono. Ukiingia mara ya kwanza, siku hiyo ni yake. Aliogopa, tena sana, kwamba kile kilichomla mama yake kilikuwa njiani kumjia, na kikimaliza kwake kitashuka kwa Mbula na wadogo zake.

Ila alikuwa na tumaini moja. Kwa Jumamosi iliyofuata ukoo wa Nzioka ulikuwa umeita kila mwenye damu ya mzee huyo, wa kiume na wa kike. Mtaalamu angetoka Kitui na mbuzi na ng'ondu, ile dawa ya majani ya kutakasa, na kiapo cha zamani kingefunguliwa mbele ya wote. Jonah alikuwa mzee wa kanisa. Akionekana huko angefutwa uzee huo. Hata hivyo alikuwa ametuma jibu kwamba atafika. Imani iliyobaki kifuani mwake alikuwa ameiweka kwa huyo mbuzi, na jambo hilo lilimtia aibu.

— Hiyo si Roho, Ndululu alisema. Hiyo ni kithitu. Mimi niliona na macho yangu.

Watu walijua kinachofuata, na wakasogea waisikie tena. Kithitu ni kitu cha kiapo cha Wakamba. Huwekwa chini kikiwa kimefungwa, na mwenye kesi hukipiga kwa kijiti huku akisema, kama nasema uwongo kinile. Kikishamla yeye huwa hakijashiba, huendelea na wa nyumbani kwake. Salama ilikuwa na makanisa sita, na katika yote sita hapakuwa na mtu ambaye angekigusa kithitu kwa mchezo.

— Ilikuwa mwaka wa nzige, Ndululu alianza. Mimi nachunga mbuzi, niko mdogo hivi. Mtu wa ng'ambo ya mto alikuta mzinga yake imefunguliwa huko juu ya mti, masega yote imeenda. Akasema ni Nzioka. Nzioka akasema si mimi. Siku hizo mwizi wa asali hakupelekwa polisi. Wazee wakasema, sawa, apige kithitu. Watoto wote tukafukuzwa, lakini mimi nililala kwa nyasi.

— Ukaona, Kinuthia alimsaidia.

— Nikaona. Walimpatia kijiti. Akainua mkono, na hajagusa kitu bado, mkono ikaanza kutikisika. Kijiti inacheza juu kwa hewa. Wazee wote wanaangalia. Alipiga mara saba, na mara mbili alipiga mchanga. Mzee mmoja akasema pole pole, huyu ameliwa tayari. Miaka haikuwa mingi, Nzioka anacheza mchana kutwa, mpaka akakufa amebaki mifupa. Kesi iliisha siku ile ile. Mkono yake ndio ilikuwa shahidi.

Jonah alikuwa ameisikia hadithi hiyo hapa mara nyingi kuliko alizotaka. Nyumbani, utotoni, aliisikia kwa mdomo wa mama yake, na haikuwa hivyo kabisa. Lakini mama yake alipoisimulia ulimi ulikuwa tayari mzito, naye alikuwa kijana anayetaka kutoka nje, na hakuwahi kuziweka hadithi hizo mbili pamoja akazilinganisha.

— Mimi sikatai kithitu, Mutie alisema, lakini nimefikiria. Ile bomba ya mafuta inatoka Mombasa inapita hapa chini. Ukilala usiku unaisikia kwa kifua, ngu ngu ngu. Inaweza kuingia mtu.

— Bomba ilikuja juzi, Kinuthia alisema. Nzioka alikufa kabla hata ya uhuru.

— Basi reli. Reli ilikuwa.

— Reli iko mbali na Kilungu. Na kwa nini isiingie watu wa Makindu, ambao wanalala juu yake?

Mutie alikunywa, akaweka kando reli pamoja na bomba, wala hakuonekana kuumia.

— Mimi nataka mniangalie hapa, Kinuthia alisema. Alipanga vikombe vinane vitupu juu ya ubao. Nzioka alizaa wanane waliokua wakubwa. Si ndiyo, Mzee? Wangapi walicheza?

Ndululu alihesabu kwa vidole, akitaja majina kwa sauti ya chini. Jonah alisikia jina la mama yake likipita katikati, la tatu.

— Wanne.

Kinuthia alipindua vikombe vinne.

— Sasa huyu binti, mama ya huyu Mutindi. Alizaa wangapi?

— Nasikia wanne waliokua wakubwa. Wa kwanza alishaanza kucheza, akafa huko Machakos. Huyu Mutindi wa pili. Wengine wawili sijui waliko.

— Wawili kwa wanne. Nusu tena. Kila nyumba, nusu. Kinuthia aliviangalia vikombe kama mtu ambaye hakutaka vimjibu. Kama ni laana, ni laana ambayo inajua hesabu.

Wawili waliobaki walikuwa dada mdogo aliyeolewa Wote, na Jonah.

— Ngoja kwanza, Mutie alisema. Mzee, wewe si ulituambia kithitu haivuki kwa binti? Ati binti akiolewa ameenda na ukoo ingine?

— Haivuki.

— Na huyu Mutindi mama yake alikuwa binti.

Ndululu alifikiri kidogo, kama jaji.

— Inavuka, alisema. Kama asali ilikuwa nyingi.

Miaka yote ishirini na miwili ya Salama, Jonah alikuwa ameishikilia sheria ile ya kwanza, kwamba haivuki kwa binti, hata ingawa alikuwa amemfunga mama yake leso kwa mikono yake mwenyewe. Sasa ilikuwa imefutwa kati ya mafunda mawili ya kahawa. Alikata uzi kwa meno na kuanza mshono uleule upya.

— Nawaambia kitu ingine, Mutie alisema, na sauti yake ikashuka. Jana walipomlaza huyo mama, mjukuu wa pasta aliweka sikio kwa mgongo yake. Akasema anasikia nyuki.

— Wacha hizo, Kinuthia alisema.

— Anasikia nyuki. Wale wa mzinga iliyofunguliwa. Hawakuwa na pahali pa kukaa, wakaingia kwa Nzioka, na kila mtu wa hiyo nyumba anazaliwa nao, wako tu hapo wamelala. Miaka arobaini wanalala. Siku moja wanaamka. Na mnajua kitu ingine? Huyo mama akishikwa na usingizi anatulia kabisa. Mikono inakaa pale imewekwa. Akifungua macho, wanaanza.

Hili la usingizi lilikuwa kweli. Jonah alikumbuka alivyokuwa akikaa kando ya kitanda cha mama yake mchana, anapolala, kwa sababu hapo tu alikuwa mama yake wa zamani, mikono imetulia juu ya blanketi. Na alikumbuka alivyokuwa akiomba asiamke. Hakuwahi kumwambia mtu yeyote.

Peugeot ya abiria ilisimama ng'ambo, ikamteremsha mwanamke mmoja, ikaendelea Emali. Alikuwa mrefu, sweta la buluu, viatu vya kutembea, na kwapani karatasi kubwa iliyoviringishwa na kufungwa kwa mpira. Alivuka barabara, akasalimia wazee mmoja mmoja kwa mkono, akauliza magari ya Kilungu yanasimama wapi.

— Yanasimama hapa hapa, Kinuthia alisema, lakini ya saa tisa imeenda na ya saa kumi ikipenda inakuja. Kaa unywe kahawa, mama. Unaitwa nani?

— Kagure. Mimi ni nesi, natoka hospitali Nairobi.

Kinuthia alimsalimia kwa Kikuyu, akampa kikombe kilichojaa mpaka juu. Mutie hakungoja ajibu salamu zote.

— Sista, wewe umetumwa na Mungu. Kuna mama huko Kilungu anacheza bila ngoma. Hiyo ni ugonjwa gani?

Kagure aliwatazama kwa zamu, akaona kwamba hawamtanii.

— Hiyo ndiyo inanipeleka huko. Hii ni mara yangu ya tano. Huo ugonjwa unajulikana, wazee. Uko Ulaya, uko Amerika, uko kila mahali. Mwaka jana tu ndio wamepata pahali unapokaa ndani ya mwili.

— Na unakaa wapi? Ndululu aliuliza, kwa sauti ya mtu anayemhoji shahidi wa upande wa pili.

Kagure aligeuka akaona cherehani, na karatasi za kukatia zilizoning'inia ukutani nyuma ya Jonah.

— Fundi, hizo karatasi unakatia nini?

— Mashati, Jonah alisema.

— Ukikata shati kwa karatasi ambayo imekosewa kwa kola?

— Mashati yote yatatoka na hiyo kola.

— Basi wazee, kila mtu ametengenezwa kwa karatasi mbili, moja ya baba na moja ya mama. Na yeye akizaa, anampa mtoto moja tu kati ya zile mbili zake. Hachagui. Sasa hawa watu, karatasi yao moja ina makosa pahali pamoja. Kuna maagizo madogo hapo, yanafaa kurudiwa mara ishirini hivi. Kwao yamerudiwa mara arobaini, hamsini. Kitu kidogo namna hiyo. Mtu anazaliwa mzima, anasoma, anaoa, anazaa. Akifika miaka thelathini na kitu, arobaini, ubongo unaanza kuharibika.

— Moja kati ya mbili, Kinuthia alisema polepole, akiviangalia vikombe vyake. Ndiyo maana ni nusu.

— Ndiyo maana.

— Na mtu anaweza kujua mapema? Mutie aliuliza. Kabla aanze kucheza?

— Siku hizi kuna kipimo cha damu, lakini si cha hapa nchini, lazima ipelekwe ng'ambo. Sisi tukimwona mtu, tunaangalia macho, tunaangalia anavyotembea. Tunamwambia atoe ulimi auwache nje tukihesabu. Aliyeanza hawezi. Ulimi unarudi ndani wenyewe.

Alisema hivyo kama anavyosema mtu wa kazi, bila kujua alikuwa akiwaambia kina nani. Mutie alitoa ulimi papo hapo. Kinuthia akaweka birika chini, akatoa wake. Hatimaye hata Ndululu, tarishi wa mahakama, akainua kidevu na kuutoa ulimi wake mweupe wa uzee. Wanaume watatu wazima walikaa kando ya barabara ya Mombasa, ndimi nje, macho yamewatoka, kila mmoja akihesabu kimoyomoyo na kumtazama jirani yake. Abiria wa basi lililopita waliwacheka kupitia madirishani.

— Na wewe, Fundi? Mutie aliuliza alipomaliza, akijifuta. Toa.

— Nina pini mdomoni, Jonah alisema.

Hakuwa na pini. Lakini aliinama na kuangalia mshono, nyuma ya midomo iliyofungwa akausukuma ulimi kwenye meno, na hakuweza kujua kama unatulia au unacheza, kwa sababu moyo wake ulikuwa ukipiga hadi kwenye ufizi.

Ndululu hakuwa ameridhika.

— Sista, hayo ya karatasi ni mazuri. Lakini mimi nina prufu, wewe huna. Ngoja nikuambie vile nilimwona Nzioka na macho yangu.

Akamsimulia yote upya. Mzinga, mto, nyasi, kijiti. Aliinua mkono wake mwenyewe juu na kuutikisa, kama alivyofanya kila mara. Kagure alisikiliza mpaka mwisho, na hakutabasamu mahali ambapo watu wa mjini hutabasamu. Kisha akafungua karatasi yake na kuitandaza juu ya ubao, Kinuthia akiisaidia kwa vikombe kwenye pembe.

— Majina siwaambii, na hamtayapata hapa. Angalieni tu. Mraba ni mwanamume, duara ni mwanamke. Yule aliyeugua nimempaka wino.

Karatasi ilijaa. Vizazi vilishuka kwa mistari, safu kwa safu, na weusi ulishuka navyo, hapa duara, pale mraba, nafasi moja nyeupe, kisha mwingine mweusi. Jonah alikuwa amesimama kutoka kwenye cherehani bila kujua. Aliangalia safu ya pili, akahesabu hadi wa tatu. Duara jeusi. Chini yake watoto watano. Duara jeusi. Duara lingine, la Mutindi, nusu yake tu imepakwa, kwa wino mpya. Mraba uliokatwa kwa mstari, kaka yao aliyekufa mchanga. Mraba mweupe wenye alama ya kuuliza. Duara jeupe. Hapakuwa na jina, lakini alijiona pale kama mtu anavyoiona nyumba yake akiwa mlimani.

— Mzee, Kagure alisema, akaweka kidole kwenye mraba mweusi wa juu kabisa. Huyu ndiye unamsema. Mimi nina swali moja tu, kwa sababu huko Kilungu nimeuliza wakasema hawajui. Mkono wake ulianza kutikisika lini? Siku hiyo ya kiapo, au kabla?

Ndululu alifungua mdomo. Miaka sitini alikuwa ameusimulia mkono ule. Aliusimulia mahakamani, kwenye matanga, kwenye benchi hili, na hakuna mtu aliyewahi kumwuliza hivyo.

— Mimi niliuona siku hiyo, alisema.

— Kabla ya hapo ulikuwa umemwona?

— Nilikuwa mtoto.

Mutie alimtazama Kinuthia. Kinuthia akaangalia vikombe. Jonah alikuwa na jibu. Lilimjia lote kwa mara moja, kwa sauti nzito ya mama yake, katika chumba chenye harufu ya mafuta ya taa, na alipolisikia alielewa lilikuwa na maana gani, na akatamani lisingekuja. Kama mkono ulitikisika siku ya kiapo, basi kiapo ndicho kilichouleta, na mbuzi wa Jumamosi angeweza kuuondoa. Kama ulitikisika kabla, babu yake hakuwa mwizi, na mbuzi hakuwa na kazi yoyote. Angeweza kunyamaza. Hakuna aliyekuwa akimtazama.

Alifikiri juu ya mama yake, aliyekufa akiitwa mtoto wa mwizi wa asali na watu waliokuja kumzika.

— Kabla, Jonah alisema.

Wote waligeuka.

— Miaka miwili kabla. Mama yangu alikuwa msichana mdogo, ndiye alikuwa anamshikia baba yake kibuyu anywe, kwa sababu alikuwa anamwaga. Na mizinga yake mwenyewe alikuwa ameacha kuipanda. Miguu haikumshika tena kwa mti. Kaka yake mama ndiye alipanda. Nzioka hakuweza kupanda mti wake, angepanda wa mtu ng'ambo ya mto namna gani?

Alikuwa amesema maneno mengi kuliko ya mwezi mzima. Mutie alishusha kikombe kilichokuwa karibu na mdomo.

— Fundi, alisema. Mama yako?

— Binti wa Nzioka. Mutindi ni dada yangu.

Hakuna aliyesogea mbali naye, na hilo Jonah atalikumbuka. Hakuna aliyesogea karibu pia. Kinuthia alimwita kwa jina, Jonah, si Fundi.

— Basi hiyo asali, Mutie alisema, kwa sababu hakujua kunyamaza. Nani alikula?

Ndululu, aliyekuwa mchunga mbuzi mwaka wa nzige na aliyeijua miti yote ya mto ule, alikuwa akiangalia barabara upande wa Emali, ingawa hakuna gari lililokuwa likija. Mkono wake wa kusimulia ulikuwa umekaa gotini. Alisimama, akachukua kofia yake, akaenda zake bila kuaga, na kahawa yake akaiacha.

Jonah alingoja ajisikie mwepesi. Babu yake alikuwa amesafishwa mchana peupe, mbele ya yule aliyemchafua kwa miaka sitini, bila ng'ondu na bila mbuzi. Kidogo alijisikia hivyo, na ilikuwa furaha ya kweli, iliyomfanya atake kulia. Kisha ikapita, na nyuma yake hapakuwa na kitu. Hakukuwa na kiapo cha kufungua. Hakukuwa na mtu aliyekasirika wa kuombwa msamaha. Kilichowala babu na mama yake hakikumjua mtu wala kosa lake, na Jumamosi ingekuja na kupita kama siku nyingine.

Kagure alitoa penseli mfukoni mwa sweta lake. Alisogea kwenye benchi ampe nafasi, na Jonah akakaa. Alishusha sauti, ingawa wale wawili waliobaki walisikia kila neno.

— Kwa hivyo huyu ni wewe, alisema, akigusa mraba mweupe.

— Ni mimi.

Kagure akaifuta ile alama ya kuuliza. Chini ya mraba, karatasi ilikuwa tupu mpaka ukingoni, na penseli ilishuka ikakaa hapo.

— Una watoto?

Ni swali ambalo mtu huulizwa kila siku, na wateja, na watu wa kanisani, na mgeni aliyeketi kando yako ndani ya gari. Jonah alikuwa na majina yao matatu mdomoni. Alijua akiyataja mkono ule utachora mistari mitatu na kuacha nafasi mwishoni mwa kila mmoja, na hata akisema hana, damu yao itabaki ilivyo. Babu yake alikuwa amesema kweli mbele ya wazee, na haikumsaidia. Yeye, mzee wa kanisa, alitaka kusema uwongo, na alitaka kuusema kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote.

Kagure hakumharakisha. Alimtazama usoni kwa huruma, na Jonah alipofungua mdomo aliona macho yale yakishuka, kidogo tu, kuangalia ulimi wake.